Kitenzi cha Kwenda na Viazi vya Shimoni

Lima, 17 Aprili 1977

Mama yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti halikusumbui, na mvua za mwaka huu hazikuwaozesha kondoo kwato. Mimi sijambo, isipokuwa kila asubuhi natapika. Usishtuke. Natapika kwa sababu ile ile unayoifikiria. Mwezi wa kumi, Mungu akijalia, utakuwa bibi.

Rubén amefurahi hadi anasahau kuvaa soksi. Mama yake, Bi Hortensia, naye amefurahi kwa namna yake: amenipa kitambaa na kuniambia nikitapika nitapikie bafuni, si uani, majirani wasinione. Nyumba hii ni safi mno, Mama. Humu hata majani ya maua hufutwa vumbi.

Nataka uje mtoto akizaliwa. Lakini huku hakuna anayejua neno moja la lugha yetu, na mimi mwenyewe nakuandikia nikiwa nimefunga mlango. Bi Hortensia nimemwambia kwamba Kihispania unakijua, ila una haya. Kwa hiyo nakuomba ujifunze. Nasikia mwalimu Wílmer amefungua darasa la watu wazima jioni. Nenda, nami nitakusaidia kwa barua. Anza na kitenzi cha kwenda, maana bila hicho hutapanda basi wala hutaulizia njia. Chenyewe ni ir. Nakwenda ni voy, unakwenda ni vas, anakwenda ni va, tunakwenda ni vamos. Yarudie ukiwa malishoni.

Jambo la mwisho. Najua unachofikiria kuniletea. Usilete tokosh, Mama, vile viazi vya kuozesha. Watu wa huku hawataivumilia harufu yake, na mimi siku hizi nikiikumbuka tu nakimbilia bafuni.

Mwanao,
Nélida


Rondopata, 29 Mei 1977

Nélida, mwanangu,

Barua yako ameileta Teófilo wa lori, inanuka vibaya kwa sababu aliichomeka kwenye kikapu cha samaki wa chumvi. Goti linauma. Kondoo wazima. Niliposoma habari ya mtoto nililia na kucheka kwa pamoja, jirani Apolonia akaja mbio akidhani nimefiwa. Sasa nimeshamaliza kulia, naweza kukwambia yaliyobaki.

Darasani nimekwenda. Babu yako mwimbishaji wa kanisa, Mungu amrehemu, alinifundisha herufi lakini Kihispania hakunifundisha, na sasa najua kwa nini: alikuwa mtu wa heshima zake. Mwalimu Wílmer anatufundishia kwenye ghala la mbolea. Akitamka "vamos" mate yanaruka hadi benchi la pili. Nimehamia la nyuma kabisa, na siku ya upepo bado yananifikia.

Halafu kitenzi chenyewe. Ni uchafu gani huu ulionitumia? Kwetu mtu akienda, neno la kwenda linabaki lilivyo, unabadilisha mkia tu ili ijulikane ni nani anayekwenda. Hawa wenzio wanasema ir, kisha ukitaka kwenda wewe mwenyewe, ile ir imetoweka, imekuja voy. Imetoka wapi? Nilimwuliza mwalimu, akasema ndivyo kilivyo. Nikamwambia kondoo wangu akizaa mbuzi sisemi ndivyo alivyo, namwita mtu aje amwangalie. Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka.

Na "nilikwenda" ndiyo imenimaliza kabisa. Fui. Kulitamka ni kama kupuliza nyoya la kuku lililokunasa mdomoni. Tena anasema neno hilohilo ndilo la "nilikuwa". Nikatoka nje nikatema mate, ndipo nikarudi kuketi.

Kuhusu tokosh, umechelewa. Viazi vimeshavunwa, vimeshaingia shimoni kwenye kijito chini ya shamba. Nimevitandikia majani makavu, nikavifunika kwa mengine na mawe juu, maji yanapita usiku na mchana. Kufikia mwezi wa kumi vitakuwa vimeoza vizuri. Nilipokuzaa nilikuwa natetemeka kwa homa, bibi yako akaninywesha uji wa viazi hivyo, na mama yake alimnywesha yeye. Mzazi wa kwetu hatoki kitandani bila uji huo. Unanuka, ndiyo. Na wewe ulipotoka tumboni mwangu hukunukia marashi.

Mamako,
Eudosia


Lima, 3 Julai 1977

Mama mpenzi,

Nafurahi kusikia mko wazima. Pole na goti, lipake mafuta ya kondoo na ulifunge usiku. Tumbo langu limeanza kuonekana. Kutapika kumepungua, ila asubuhi upepo ukitoka baharini, ambako kuna kiwanda cha unga wa samaki, nafunga madirisha na kujifunika blanketi hadi kichwani. Nawe unaniambia barua yangu ilinuka samaki. Lima nzima ndivyo inavyonuka, ila wenyewe hawasikii.

Usigombane na mwalimu. Kitenzi hicho hakuna anayekielewa, watu hukikariri tu. Hata Rubén nilipomwuliza ilikotoka voy alinitazama kama nimemwuliza pua yake imetoka wapi. Kariri, Mama. Fui, fuiste, fue. Ukifika hapa na kutamka haya matatu bila kukwama, Bi Hortensia hatakuwa na la kusema.

Maana ana mengi ya kusema. Jacinta, mtumishi wa humu, ametoka milimani kama sisi, msichana safi anayekoga kila siku. Kikombe chake kina mstari mwekundu na kinakaa peke yake chini ya sinki, kisichanganyike na vya wengine. Siku moja Rubén alikinywea kwa bahati mbaya, mama yake akamfanya asukutue mdomo kwa chumvi. Mimi nilikuwepo. Nilitazama mkate wangu.

Juzi aliniuliza kwetu tunakula nini. Nikasema kuku. Simbilisi sikuwataja, na shimo la kijitoni ndiyo kabisa. Nakusihi, Mama, viache viazi vyako huko huko.

Mwanao,
Nélida


Rondopata, 28 Agosti 1977

Mwanangu Nélida,

Mzima mimi, na natumaini wewe na hilo tumbo mko salama. Goti nimelifunga kama ulivyosema, sasa linauma na linanuka mafuta ya kondoo.

Habari ya kikombe niliisoma nikila. Sikuweza kumaliza supu yangu. Huyo mama ana kinyaa na mdomo wa msichana anayempikia chakula chake chote? Mikono ya Jacinta inaingia kwenye sufuria yake kila siku na hasukutui. Lakini nyumba ni yake, na nitakuja kama mgeni, nitakaa kama mgeni.

Sasa nisikilize. Kimeingia. Sijui kimeingiaje, ila kimeingia. Kondoo nawaambia vamos na wanakwenda, wamekizoea kabla yangu. Naimba voy, vas, va nikipepeta mahindi. Wiki iliyopita alikuja yule mchuuzi wa Huánuco anayetoboa viazi vya watu kwa kucha ndefu na kusema ni vichafu. Alipoanza kutoboa vyangu nilisimama, nikamwambia "Vaya", nenda zako. Nililitamka wima. Alifunga gunia lake akaenda. Mwanangu, mara ile tu lile neno bovu lilinitoka tamu mdomoni, nikamwelewa mwalimu anayelirushia mate.

Mambo ya "alikwenda" na "alikuwa" bado yananichafua roho, lakini nayajua. Na wengine wakizungumza nawafuata. Mwalimu anatuwekea redio, nafuata habari zote isipokuwa za mpira.

Mimi sihitaji mengi Lima. Bahari sitaki kuiona. Nataka nimshike mjukuu wangu wa kwanza angali na ile ngozi ya kukunjamana, na mama yake nimnyweshe uji kwa mkono wangu. Nikishafanya hayo mawili nitarudi kwa kondoo wangu na hamtanisikia tena mwaka mzima.

Mamako,
Eudosia


Lima, 25 Oktoba 1977

Mama,

Haraka haraka. Uko mzima? Mtoto amezaliwa, msichana, ana nywele nyingi. Mimi nina homa kidogo lakini nitapona. Bi Hortensia amemchagulia jina, ameitwa Hortensia kama yeye. Njoo. Rubén atakungoja kituoni. Lile jambo lenye harufu, unajua ninalosema, nakuomba.

Mwanao,
Nélida


Lima, 20 Novemba 1977

Mama mpenzi,

Natumaini ulifika salama na kwamba kondoo hawakupata shida ulipokuwa huku. Mtoto hajambo. Mimi homa inakuja na kuondoka.

Mama, kwa nini uliondoka vile? Hukuniaga, hukumbusu mtoto. Niliamka nikaambiwa umeshatoka. Rubén alikimbia hadi kituoni, basi lilikuwa limeondoka. Kama ni Bi Hortensia aliyekuudhi, niambie nijue. Kuhusu chungu cha tokosh kumwagwa, usimkasirikie sana. Ulipokifungua nyumba nzima ilijaa ile harufu, hata mapazia, mpaka leo anayapulizia marashi. Nilikuomba usilete.

Na mimi nina langu. Ulikaa siku zote zile kimya. Hukusema neno hata moja la Kihispania, si kwa Bi Hortensia, si kwa Rubén. Nilikuwa nimewaambia unakijua. Basi nikajua darasani hukufika mbali, na sikutaka kukuaibisha kwa kukuuliza mbele yao. Bi Hortensia anadai kwamba ulipokuwa unatoka ulimuaga kwa Kihispania kizuri. Sikuamini.

Niandikie.

Mwanao,
Nélida


Lima, 18 Desemba 1977

Mama,

Uko mzima? Nimemwuliza Teófilo kwa barua, amenijibu kwamba anakuona sokoni na kwamba barua yangu alikukabidhi mkononi. Kwa hiyo umeisoma. Krismasi inakuja na sijasikia kitu. Maziwa yangu ni haba, mtoto analia. Alama za vidole vyako bado ziko kwenye kioo cha dirisha la jikoni, Jacinta hajazifuta, anasema amesahau.

Niambie nilichokosa.

Mwanao,
Nélida


Rondopata, 8 Januari 1978

Nélida,

Barua zako zimefika zote. Mimi mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nachefukwa, naiweka chini, nakwenda kuwatazama kondoo.

Unauliza mama mkwe wako alinifanya nini. Alifanya ya kwake. Nilikuwa nimeikariri salamu njia nzima tangu milimani. Alinifungulia mlango, akaniona na chungu changu, akaziba pua kabla sijafungua mdomo, na salamu ikanirudi tumboni. Akanipa chai kwenye kikombe chenye mstari mwekundu. Nilikijua, uliniandikia habari zake. Chungu akakishika kwa vidole viwili na kukitoa uani, wewe ukiwa kitandani unatazama ukuta. Huyo simlaumu. Sikumzaa wala hakunizaa. Mtu akiona kinyaa kwa kitu asichokijua, atakizoea au atakufa nacho, hilo ni lake.

Kisha wakaja wale rafiki zake wa marashi kumwona mtoto. Mlikuwa chumbani kwako. Mimi nilikuwa jikoni, nafua nepi za mjukuu wangu, na ukuta wa pale katikati ni mbao tupu. Mmoja akauliza yule mwanamke wa jikoni ni nani. Niliacha kusugua, Nélida. Nilisikiliza, kwa sababu maneno nilikuwa nayajua, na nilikuwa na hamu ya kusikia utakavyonitaja kwa lugha yao. Mi mamá, mama yangu. Hayo tulifundishwa siku ya kwanza, hata wazee wasio na meno wanayajua.

Ukasema, "Ni mwanamke wa kijijini tu, ndiye aliyenilea."

Nilijaribu kujiambia sikuelewa. Kihispania changu ni cha ghala la mbolea, huenda nimekosea. Ndipo yule mgeni akauliza, anaondoka lini, maana nyumba inanuka. Nawe ukajibu, "Se va mañana." Anaondoka kesho.

Hapo sikuwa na pa kujificha. Maneno mengine yote ningeweza kuyakosa, lile va nisingeweza. Ulinifundisha wewe, kwa mwandiko wako. Nililisema kwa kondoo, nililisema kwa kijito, nililisema kwa moto wa jikoni hadi Apolonia akadhani nimeingiwa na wazimu. Miezi yote ile nilidhani najifunza neno la kuja kwako.

Nikasuuza nepi iliyokuwa mkononi, nikaianika. Nikafunga furushi langu. Mama mkwe wako alikuwa mlangoni na kitambaa chake puani, nikamwambia, "Me voy, señora." Naondoka, mama. Nilikitamka kitenzi chao vizuri na mate hayakuruka. Alishtuka, akatoa kitambaa puani, akanipisha na kunitakia safari njema. Kumbe anajua heshima. Ndiye mtu pekee Lima niliyezungumza naye Kihispania.

Nimewahi kutoa funza kwenye kidonda cha kondoo kwa kidole hiki hiki ninachoandikia. Nimefuta matapishi yako na choo chako. Baba yako alipozama mtoni akaokotwa akiwa amevimba, nilimwosha mimi, wanaume walikimbia nje. Sijawahi kuona kinyaa. Nimekiona mara moja, nimesimama mbele ya beseni la nepi, na sikukiona kwa mama mkwe wako.

Usiniandikie kwa sasa.

Mwanamke wa kijijini aliyekulea,
Eudosia


Lima, 29 Januari 1978

Mama,

Umenikataza, naandika. Sina la kujitetea, ulisikia nilichosema na ndicho nilichosema.

Nilipomaliza kuisoma barua yako niliingia jikoni kumwambia Jacinta, maana hakuna mwingine. Akainama chini ya sinki, nyuma ya kile kikombe, akatoa kopo lililofungwa kwa mfuko na kamba. Tokosh yako. Aliiokoa siku ile chungu kilipomwagwa, ameificha muda wote huu. Anasema kwao nao wana shimo.

Jumapili wale wanawake walikuja kula. Nikamwambia Jacinta aupike uji mchana huo huo, milango ikiwa wazi. Ulipochemka mmoja alishika kifua, mwingine akauliza ni panya gani amefia humu. Nikauleta mezani kwenye sahani ya Bi Hortensia ya maua, nikawaambia ni chakula cha mama yangu, na kwamba yule waliyemwona jikoni ndiye mama yangu, na kwamba nilidanganya. Bi Hortensia aliweka uma chini taratibu, akaondoka mezani. Rubén alitazama mkate wake, kama mimi zamani.

Nikala. Nilitoka nikatapika uani, majirani wakiniona, nikarudi nikala tena hadi sahani ikaisha. Ni uchafu, Mama, ladha yake ni ya shimo lenyewe. Lakini nimeula wote.

Tangu siku hiyo humu hawanisemeshi. Rubén anasema ningoje hasira zipoe, mimi sitaki kungoja. Nakuja na mtoto. Nitafika Huánuco Alhamisi, tarehe 2 Machi. Ukinifungia mlango nitaketi nje na kondoo.

Sijui kama bado naruhusiwa kuandika neno hili, lakini sina jingine.

Mwanao,
Nélida


Rondopata, 19 Februari 1978

Nélida,

Goti linauma kwa sababu ya mvua. Kondoo wazima. Nimeongea na Teófilo, atakungoja kituoni na lori lake Alhamisi hiyo hadi adhuhuri. Panda mbele, nyuma amebeba mbolea. Mfunike mtoto kichwa mnapopita kileleni, huko kuna theluji.

Sijakusamehe. Nikiandika kwamba nimekusamehe nitakuwa kama mwalimu Wílmer, anayesema ndivyo kilivyo ili darasa liishe mapema. Bado nikikumbuka ule ukuta wa mbao nachefukwa. Ila sasa nachefukwa na kula nakula, na usingizi naupata.

Mwambie Jacinta nimemtumia salamu, na siku akitaka kupumzika na nyumba ile, kwangu kuna vikombe na vyote vinakaa pamoja.

Nikwambie kitakachotokea, ili usije ukasema hukujua. Utashuka kwenye lori, na Apolonia atakuwa mlangoni kwangu, unamjua, hakosi. Ataniuliza huyu ni nani. Nitamjibu mbele yako kwamba ni msichana mmoja tu wa mjini, anaondoka kesho. Utasimama hapo na mtoto mgongoni, utalisikia lote kwa lugha uliyozaliwa nayo, na huwezi kujiambia hukuelewa. Nitakuacha usimame kidogo.

Kisha nitamchukua huyo Hortensia, jina gani hilo, nitamwita nitakavyo mwenyewe. Wewe utaingia ndani, utaketi karibu na moto, palepale pako. Viazi vingine nilivibakiza shimoni, vimezidi kuoza kuliko vile vya Lima, hata mimi nikifungua nageuza uso. Uji utakuwa tayari. Nitakunywesha kwa mkono wangu, na hutaziba pua.

Mamako,
Eudosia